Nauli ya Kwenda Gerezani

Kwetu Karatu kulikuwa na kopo moja la Blue Band ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, nyuma ya picha ya harusi ya baba na mama. Ndani yake hamkuwa na siagi wala vifungo vya nguo. Mlikuwa na nauli ya mjomba. Siyo kwamba mjomba alikuwa anasafiri, la. Mjomba alikaa pale pale kwa miaka mitatu na miezi kadhaa, tena bila kuhukumiwa. Sisi ndio tuliokuwa tunasafiri.

Alikamatwa mwaka 2014, nikiwa bado shule ya msingi. Kosa aliloshtakiwa lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo kwa sheria zetu halina dhamana. Gereza alilowekwa silitaji jina, wala mahakama siitaji, maana sikukusudia kumsuta mtu. Inatosha kusema kwamba gereza lilikuwa mbali na nyumbani, na mbali vilevile na mahakama iliyokuwa inasikiliza kesi yake. Mama alikuwa akishuka Mang'ola kufanya kibarua cha kung'oa vitunguu, au akipeleka kuku wawili watatu kwenye mnada wa tarehe 7, na kila akirudi tulisikia sarafu zikilia ndani ya kopo. Likifika elfu ishirini na tano, anafunga khanga, ananunua sabuni, dawa ya meno na kandambili, anapanda basi la alfajiri. Anarudi usiku. Tunamuuliza, "Mama, umemwona?" Anajibu, "Nimemwona." Basi, hakuna zaidi. Dakika chache kwenye wavu, kelele za watu, askari anaangalia saa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kuandika riwaya juu ya mjomba. Nilikwama sura ya pili. Mhusika wangu alitakiwa kwenda mahakamani Jumatatu, lakini gari halikuja. Nikajiuliza: kwa nini gari halikuja? Mjomba mwenyewe nilipomuuliza alicheka tu. "We acha. Dizeli ilikuwa hakuna." Nikauliza tena, dizeli ilikuwa hakuna kwa nini? Hapo hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Nikaweka riwaya kando, nikaanza kusoma historia. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyoyapata njiani, na riwaya bado iko sura ya pili.

Ndugu msomaji, swali langu ni dogo. Mtu wa pembezoni akifungwa, ni nani anayelipa gharama ya umbali?

MNYORORO ULIOJILIPIA

Tuanze na Mjerumani. Huku kwetu serikali ya kwanza ya kigeni ilikuja ikiwa na boma, bunduki na mnyororo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma lao Mbulu, na Karatu wakati huo na miaka mingi baadaye ilikuwa chini ya Mbulu. Boma lilikuwa kila kitu: ofisi, mahakama, ghala, kambi ya askari na jela. Ukitaka kuelewa bajeti ya jela ya Mjerumani, usitafute vitabu vya mahesabu. Tazama watu wa mnyororo. Wafungwa walifungwa shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakachimba barabara, wakabeba mawe, wakachota maji ya boma. Mwenye kosa dogo alichapwa viboko, hamsa ishirini, akarudishwa kazini. Jela namna hiyo haikuwa mzigo kwa serikali. Ilikuwa mtaji.

Kodi nayo ilisaidia kuijaza. Amri ya kodi ya kibanda ilitolewa mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba. Mfugaji au mkulima asiye na rupia angeipata wapi, kama siyo kwa kuuza mfugo au kumfanyia mzungu kazi? Aliyeshindwa alitakiwa kulipa kwa nguvu za mwili. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wazo lilikuwa hili: anayefungwa ajilipie mwenyewe kufungwa kwake. Naomba ulishike wazo hili vizuri, maana tutakutana nalo tena na tena. Linabadili nguo tu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaja Mwingereza. Yeye alipenda karatasi. Mwaka 1931 magereza yalitenganishwa na polisi, yakawa idara inayojitegemea, na siku hizi Jeshi la Magereza huhesabu umri wake kuanzia hapo. Mnyororo wa shingoni ukaondoka. Lakini kodi ya kibanda na kichwa ilibaki, na sheria ikaruhusu asiyekuwa na fedha ailipe kwa kufanya kazi za serikali. Babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake "aliilima barabara" ili kulipa kodi. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni fumbo. Kumbe ni neno la kawaida kabisa. Alipewa jembe, akailima barabara ya wenye magari, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na hata baiskeli.

Sasa tazama jambo moja la ajabu. Kwenye miteremko ya Oldeani, hapo jirani, kulikuwa na walowezi wa Kijerumani waliolima kahawa. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Mwingereza aliwaona ni raia wa adui, akawakusanya na kuwaweka kizuizini. Umbali haukumsumbua. Magari yalipatikana, askari wakapatikana, na mafuta yakapatikana.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa, nchi ya jua na mawe upande wa ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Kenyatta, aliyekuwa mtu mzima kuliko wenzake, alipewa kazi ya kuwapikia. Baadaye, mwaka 1959, alihamishiwa Lodwar, kisha Maralal mwaka 1961. Hebu fikiri: kila gunia la unga alilopika Kenyatta lilisafirishwa na serikali hadi Lokitaung. Kila askari aliyemlinda alilipwa mshahara. Hakuna ofisa aliyesema Lokitaung ni mbali mno, dizeli hakuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Umbali hauishindi serikali. Serikali ikitaka, inaulipia. Isipotaka, inamwachia mtu mwingine bili. Na mtu huyo mwingine ana kopo juu ya kabati.

UHURU NA SHAMBA LA GEREZA

Tulipata uhuru mwaka 1961. Mengi yalibadilika, na si haki kusema kwamba magereza yalibaki kama yalivyokuwa. Maofisa wakawa Waafrika. Lugha ikabadilika: mfungwa sasa ni mtu wa kurekebishwa, afundishwe useremala, ushonaji na kilimo, arudi kwao akiwa na faida. Mwaka 1967 ilitungwa Sheria mpya ya Magereza. Hata hivyo nchi changa ilikuwa kali pia. Sheria ya mwaka 1963 iliweka adhabu za chini kwa makosa fulani, ukiwemo wizi wa mifugo: kifungo pamoja na viboko 24, nusu wakati wa kuingia na nusu wakati wa kutoka. Kwa mikoa ya wafugaji sheria hiyo haikuwa habari ya gazetini. Ilikuwa habari ya boma kwa boma.

Wakati wa Ujamaa na Kujitegemea, gereza nalo likatakiwa lijitegemee. Kwa kweli lilikuwa wazo lenye akili ndani yake. Mikono ipo, ardhi ipo, kwa nini mlipakodi anunue mahindi? Mwaka 1974 ilipitishwa sheria iliyofungua njia ya kuundwa Shirika la Magereza ili kazi za wafungwa ziendeshwe kibiashara. Yako magereza ya kilimo yaliyojulikana nchi nzima: Songwe kule Mbeya, Mollo kule Rukwa, Idete kule Morogoro. Hayo yana ardhi na yana mvua.

Lakini mvua ya Mbeya hainyeshi Ngorongoro. Wilaya ya Ngorongoro sehemu yake kubwa ni malisho na nyika. Tena ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1959, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, na mwaka 2009 kikazuiwa tena. Maana yake ni kwamba kulima bustani ya mahindi kwa ajili ya watoto ni kosa la kisheria. Hapo akili yangu ya kidato cha nne inagoma kidogo. Mtu anaweza kukamatwa kwa kulima, na akishafungwa anaambiwa: lima, ujilishe!

Na ile kodi? Haikufa mapema. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, lakini miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Watu wazima wa huku wanaikumbuka vizuri. Mgambo wakitokea njia hii, wanaume wanapotelea njia ile, mashambani na makorongoni. Aliyekamatwa alilala mahabusu mpaka ndugu wauze mbuzi. Ilifutwa mwaka 2003, na baba anasema siku aliyosikia redioni alizima redio, akaiwasha tena, kuhakikisha kwamba ndivyo ilivyosemwa. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nimekulia katika nchi ambayo mtu halali ndani kwa sababu ya kodi ya kichwa chake, na hilo ni jambo la kushukuru.

FUNGU LA 29

Sasa tuje kwenye bajeti yenyewe, maana watu wengi tunaisikia tu redioni kila mwezi wa 6 na kuuliza kama soda imepanda.

Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo kila wizara huenda Dodoma kuomba fedha zake Bungeni. Jeshi la Magereza liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na katika vitabu vya bajeti lina namba yake, Fungu la 29. Polisi ni Fungu la 28. Ndani ya fungu kuna mishahara, kuna fedha za maendeleo kama vile ujenzi wa mabweni na nyumba za askari, na kuna kapu linaloitwa matumizi mengineyo. Kapu hilo jina lake dogo, ila tumbo lake kubwa. Chakula cha wafungwa kimo humo. Sare, dawa, umeme, maji, kuni na dizeli vimo humo.

Bunge likishapitisha, usidhani fedha zimeshafika. Kupitishwa ni ahadi. Fedha zenyewe hutolewa na Hazina kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyopatikana. Mishahara haina budi kulipwa. Kwa hiyo mambo yakibana, kinachobanwa ni lile kapu. Mzabuni wa maharage anakopwa, mzabuni wa kuni anakopwa, na madeni ya wazabuni yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Mkuu wa gereza lililo karibu na jiji anaweza kumbembeleza mzabuni wa pili na wa tatu. Mwenzake wa pembezoni mara nyingi ana mzabuni mmoja, naye akichoka kukopwa, mambo yameisha.

Mahabusu anawekwa na magereza, lakini kesi yake inapelelezwa na polisi, inaendeshwa na waendesha mashtaka, inasikilizwa na mahakama. Mafungu tofauti hayo, kila mmoja ana kapu lake. Karandinga lisipokwenda mahakamani, liwe la polisi au la magereza, hasara haionekani kwenye kitabu cha aliyeshindwa kuweka dizeli. Inahamia kwingine. Kesi inapigwa kalenda. Kawaida ni siku 14. Siku hizo 14 mahabusu anakula kwa fedha za Fungu la 29.

Nikachukua daftari nikapiga hesabu. Haya si takwimu za serikali, ni makisio yangu tu ya mezani. Tuseme gari linabeba mahabusu 20, na chakula cha mtu mmoja kwa siku ni shilingi 1,500. Kwa siku 14 ni shilingi 420,000. Tuseme mahakama iko kilomita 150 kutoka gerezani, kwenda na kurudi kilomita 300, na lori linakula lita moja kwa kilomita tatu. Ni lita 100. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni 300,000. Kwa hiyo serikali imejinyima laki tatu, ikapoteza laki nne na ishirini. Badilisha namba zangu utakavyo, hata ukisema mahabusu ni 10 tu, maana yangu haifi: gari likishindwa kwenda mara mbili, akiba yote imeliwa, na bado safari iko pale pale inasubiri dizeli yake.

Hayo ni ya upande wa serikali. Hesabu ya upande wetu haimo kwenye kitabu chochote. Siku ambayo gari halikufika, mama alikuwa ameshafika mahakamani. Alikaa chini ya mti na akina mama wengine hadi saa nane, karani akatoka akasema tarehe nyingine. Hakuna aliyekuwa na kosa. Karani hana gari. Hakimu hana gari. Dereva hana dizeli. Mama akarudi nyumbani, akaliweka kopo juu ya kabati, likiwa jepesi.

WALIME AU WASUBIRI?

Julai 2018 Rais John Magufuli, alipokuwa akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema wazi kwamba ni aibu serikali kuwalisha wafungwa wakati wana nguvu. Walime, wafyatue matofali, wajilishe wenyewe. Watu wengi walishangilia. Hata kijiweni kwetu, karibu na stendi, walishangilia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu, maana mjomba alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu atoke na sikutaka watu wageuze shingo kunitazama.

Leo nataka kusema kile nilichonyamazia. Kwanza, wazo hilo si geni, ni lile lile la boma la Mbulu, ingawa nia inaweza kuwa tofauti kabisa. Pili, na hili ndilo kubwa, si kila aliye gerezani ni mfungwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watu walio ndani ya magereza yetu, pengine nusu au karibu na nusu, wamekuwa mahabusu. Mahabusu hajahukumiwa. Sheria haiwezi kumtuma shambani kwa nguvu kama mfungwa, kwa sababu mbele ya sheria bado ni mtu asiye na hatia. Kazi yake ni kufagia anapolala na kusubiri. Mjomba alinitajia kazi yake ya miaka mitatu kwa neno moja: "Kuhesabiwa." Asubuhi wanahesabiwa, jioni wanahesabiwa. Mlo ulikuwa mmoja kwa siku, ugali na maharage. Sasa huyu atajilishaje? Na wale wachache waliohukumiwa watamlisha yeye pia?

Rais huyo huyo mwaka uliofuata alikwenda mwenyewe ndani ya Gereza la Butimba, Mwanza, akasikia malalamiko ya watu waliokaa muda mrefu bila kesi zao kwisha. Desemba 9, 2019 alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Aprili 26, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisamehe wengine 5,001. Ni jambo jema, na ziko familia zilizolia kwa furaha. Lakini msamaha ni wa aliyehukumiwa. Mahabusu hasamehewi, maana atasamehewa nini? Kwake yeye msamaha ni gari kufika mahakamani.

Sheria za kupunguza msongamano hatuna uhaba nazo. Bodi za parole ziliwekewa sheria mwaka 1994. Huduma kwa jamii, yaani mtu afagie hospitali ya kwao badala ya kufungwa, ilipata sheria yake mwaka 2002. Mwaka 2023 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuangalia vyombo vyote vya haki jinai, magereza yakiwemo, ikatoa taarifa yake mwaka huo huo. Lakini sheria nazo zinasafiri kwa gari. Ofisa anayemsimamia mtu wa huduma kwa jamii kijijini lazima afike kijijini, na ofisi yake nayo ina kapu.

LOLIONDO NI MBALI KWA NANI?

Mwaka 2011 nchi nzima ilijua Loliondo iko wapi. Kijijini Samunge, Mchungaji Ambilikile Masapila, tuliyemwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipita hapa Karatu na Mto wa Mbu usiku na mchana. Foleni kule ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wakubwa walikwenda, wengine kwa helikopta. Nilikuwa mtoto, nilikaa kando ya barabara nikihesabu namba za magari kutoka nchi za jirani. Sisemi kwamba dawa ilikuwa nzuri au mbaya. Nasema tu kwamba mwaka ule hakuna aliyesema Loliondo ni mbali.

Miaka 11 baadaye barabara ile ile ilisafirisha watu wa aina nyingine. Juni 2022 serikali iliweka mipaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 ndani ya Loliondo. Kukawa na vurugu, na askari polisi mmoja aliuawa. Watu zaidi ya 20, wakiwemo madiwani, walishtakiwa Arusha kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana, wakawekwa mahabusu huko huko. Novemba 2022 upande wa mashtaka uliondoa kesi, wakaachiwa. Mambo ya ardhi yana watu wake wa kuyaandika, na mimi sijafika huko. Mimi nilikuwa nawafikiria wake na mama zao, kwenye basi linalotoka Loliondo alfajiri na kufika Arusha jua limeshazama. Miezi mitano hiyo walilala wapi mjini? Nauli waliuza nini? Mbuzi wangapi? Hakuna fungu lenye mstari huo.

Naambiwa na wenye hekima kwamba nchi ni maskini, haiwezi kuweka gereza na mahakama kila kata. Nakubali. Wala siombi gereza jipya Karatu. Nani anaomba gereza? Ninachoomba ni kidogo zaidi. Wanapokaa Dodoma kupanga Fungu la 29 na la 28, waandike umbali kama gharama halali, mbali na lile kapu, kiasi kwamba dizeli ya kupeleka mahabusu mahakamani isishindane na maharage. Gereza lililo kilomita 10 kutoka mahakamani na gereza lililo kilomita 300 haviwezi kugawiwa mafuta kwa kipimo cha mama mmoja. Mahakama nayo ifuate watu pale inapowezekana. Yaliyofanyika kwa Lokitaung kumfunga mtu yafanyike kwa Loliondo kumfungua.

Mjomba aliachiwa mwishoni mwa mwaka 2017. Ushahidi haukumgusa. Hakimu alisoma, yeye akasimama pale hajui atoke kwa mlango upi, maana miaka yote alikuwa anatolewa kwa mlango wa karandinga. Mama alikuwepo siku hiyo. Alikuwa na nauli ya mtu mmoja tu, yake ya kurudi, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba siku hiyo watarudi wawili. Konda wa basi, Mungu ambariki, aliwachukua wote kwa nauli moja.

Mjomba sasa anafuga nyuki na anaongea kidogo. Kopo bado lipo. Mama anawekea chumvi. Juzi nilimwomba nilichukue nikaliweke mezani ninapoandikia, akanitazama kwa muda, akasema, "Chukua, lakini ukimaliza urudishe. Huwezi kujua."